Panya wa maabara na lishe pungufu: tunayoambiana vijiweni na yaliyopo kweli

"Eti wanawashindisha njaa tu wale panya." Hii ndo inarudi kila siku, kwamba mtafiti ananyima watoto wa panya msosi, wakikonda anaandika ripoti. Sivyo jamani. Kwenye jaribio la upungufu mnyama anawekewa chakula ale mpaka aache mwenyewe, ila ndani yake kimetolewa kitu kimoja. Mfano mzuri ni Hopkins wa Cambridge, ripoti yake ya 1912: panya wadogo walipewa kaseini (ile protini ya maziwa), wanga, sukari, mafuta ya nguruwe na chumvi za madini, vyote vimesafishwa. Kwa elimu ya enzi zile hapo hakuna kinachokosekana, lakini panya wakagoma kukua. Wenzao waliokula hivyo hivyo wakaongezewa maziwa mililita 2 au 3 tu kwa siku wakanenepa kama kawaida, halafu ilipofika kama siku ya 18 hivi jamaa akabadilisha, waliokuwa na maziwa akawanyang'anya, wasiokuwa nayo akawapa, na mambo yakageuka juu chini. Maziwa kiasi kile hayana nguvu ya kumnenepesha mtu yeyote, kwa hiyo kuna kitu kingine kilikuwemo. Ndo hivyo vitamini, na 1929 akapata Nobel pamoja na Eijkman, daktari Mholanzi.

"Mnyama ni mnyama, yeyote anafaa." Wapi! 1907 kule Kristiania (leo Oslo) watafiti Holst na Frølich walikuwa wanatafuta beriberi (ugonjwa wa kukosa vitamini B1) ya mabaharia, wakachukua simbilisi wakawalisha nafaka na mkate. Beriberi haikutokea, kikatokea kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), fizi na mifupa vimeharibika. Bahati ya aina yake hiyo, maana panya anajitengenezea vitamini C mwenyewe kwenye ini, simbilisi hawezi, na sisi binadamu hatuwezi. Wangechagua panya wangelisha mpaka wachoke na kiseyeye wasingekiona. Matege nayo ni hivyo hivyo, panya ukimnyima vitamini D peke yake hapati matege kirahisi, mpaka uvuruge na uwiano wa kalsiamu na fosforasi.

Sasa hii nyingine watu wengi hawaijui kabisa. "Ukiitoa vitamini kwenye chakula, basi mnyama haipati." Kumbe panya anakula mavi yake! Na ndani ya yale mavi kuna vitamini B kadhaa na K zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo, kwa hiyo wewe unatoa kwa mlango wa mbele yeye anarudishia kwa nyuma. Ndo maana wanafugwa kwenye vizimba vya sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke chini, na hata hapo panya ni mjanja, anakidaka kinapotoka, mpaka kuna watafiti waliomfungia kikombe mkiani, sitanii. Si ajabu basi vitamini K haikugunduliwa kwa panya. Ilianzia kwa vifaranga wa Henrik Dam, Copenhagen, kuanzia 1929, yeye alikuwa anafuatilia kolesteroli, akawapa chakula kisicho na mafuta, akashangaa wanavuja damu chini ya ngozi.

"Amekonda kwa sababu ya upungufu." Labda. Ila ukimnyima B1 hamu ya kula inakata, kwa hiyo huenda kilichomkondesha ni kula kidogo tu. Dawa yake ni kuweka kundi la tatu, mbali na lile lenye upungufu na lile linalokula chakula kamili mpaka lishibe: kila asubuhi unapima kilichobaki kwenye kikombe, unakusanya na punje zilizomwagika chini ya kizimba, unapata mwenye upungufu jana alikula gramu ngapi, halafu mwenzake unampa gramu hizo hizo za chakula kamili. Kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo huwezi kusema ni vitamini au ni njaa.

Halafu kuna "jibu likipatikana basi imeisha". Mellanby wa London, kwenye 1919, alilisha watoto wa mbwa uji wa oti, wamefungiwa ndani hawaoni jua, wakapata matege. Mafuta ya ini la chewa yakawakinga, naye akadhani ni vitamini A. Ikabidi McCollum, mtafiti wa Marekani, na wenzake 1922 wayapashe moto mafuta hayo huku wanapitisha hewa mpaka A ikafa, yakashindwa kutibu macho yaliyoharibika kwa kukosa A lakini mifupa bado yakaitibu. Yaani ilikuwa D muda wote.

Kuhusu umri nitasema kifupi: panya mzima ana akiba ya vitamini A kwenye ini, anaweza kukaa muda mrefu huoni kitu, mdogo aliyetoka kuachishwa ziwa akiba yake ndogo na anakua mbio. Hata AIN-93, fomula maarufu ya chakula cha panya wa maabara, ina aina mbili, G ya wanaokua na wenye mimba, M ya wakubwa.

Na ukikuta mtu anatamba "utafiti umeonyesha mafuta yanaharibu watoto wa panya", angalia kundi la kulinganishia lilikula nini. Mara nyingi walipewa chakula cha kawaida cha nafaka na soya, wenzao wakapewa kilichosafishwa chenye mafuta mengi. Hapo nyuzinyuzi ni tofauti, protini tofauti, madini tofauti, halafu lawama zote anabebeshwa mafuta.