Ng'ombe wachache sio mwisho wa DNA

Jamani wafugaji wa Mwanza, hii ya "ng'ombe wetu wachache, kuchagua mbegu (yaani ng'ombe wa kuzalisha) kwa kupima DNA hatuwezi" naisikia kila siku kuanzia Kisesa mpaka Buswelu na sio kweli. Marekani walianza rasmi 2009 na Holstein, wale ng'ombe wa maziwa, wakategemea madume wenye mabinti wengi waliopimwa maziwa, sisi madume wa hivyo hatuna ila majike tunao! Chukua DNA ya jike na rekodi yake ya maziwa, unganisha na za wenzako, hata za nchi jirani zenye machotara kama wetu, makadirio ya ng'ombe yupi ana mbegu nzuri ya maziwa yanaboreka. Kinachopotosha ni kubeba makadirio ya Holstein wa kule ukawabandikia machotara wetu. Kwa hiyo daftari, asubuhi na jioni, lita ngapi, kila ng'ombe na namba yake, tuanzie hapo.