Je, wajua kwa nini pointi 33 za beki zinaweza kuwa na uzito kuliko pointi 49?

Msimu wa 2018-19, mabeki wawili walitikisa hoki ya barafuni ya vyuo vikuu Marekani: Cale Makar wa Massachusetts na Quinn Hughes wa Michigan. Makar alimaliza na mabao 16 na pasi za mabao 33, jumla pointi 49. Hughes alikuwa na mabao 5 na pasi 28, pointi 33. Ukiishia hapo, ubishi umekwisha.

Usiishie hapo. Hesabu mechi kwanza. Makar alicheza 41, maana timu yake ilifika fainali ya taifa. Hughes alicheza 32 tu. Ukigawanya, Makar ana pointi 1.20 kwa mechi, Hughes 1.03. Pengo limenywea, ila Makar bado yuko mbele.

Sasa tazama tarehe za kuzaliwa, hapa ndipo penye utamu. Makar alizaliwa 30 Oktoba 1998, Hughes 14 Oktoba 1999. Wamepishana karibu mwaka mzima, na kwa kijana anayekua mwaka mmoja ni mwingi. Kwa hiyo mrudishe Makar msimu wa 2017-18, alipokuwa na miaka 19 kama Hughes wa 2018-19: pointi 21 katika mechi 34, yaani 0.62. Mizani imegeuka kabisa!

Kuna jambo jingine. Katika hoki, bao moja huweza kuzaa pasi mbili. Beki amesimama kwenye mstari wa buluu, ule unaotenga eneo la kushambulia, mpinzani mmoja yuko nje kwa adhabu. Anamtelezeshea winga kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, winga anakipenyeza mbele ya lango, mwenzao anafunga. Wote watatu wanaandikiwa pointi moja moja. Ndiyo maana pasi za beki hutegemea sana wanaomalizia mbele yake, na ndiyo maana mimi nayaheshimu mno yale mabao 16 ya Makar: hayo aliyafunga kwa fimbo yake mwenyewe. Na hakuna pointi hata moja inayoandikwa kwa beki aliyezima shambulizi langoni kwake.

Makar ndiye aliyetwaa tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2019. Baadaye, kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, tuzo ya Norris ya beki bora aliichukua Makar 2022, Hughes 2024, kisha Makar tena 2025.