Maswali na majibu: kiini cha seli kinapoachwa nyuma na saitoplazimu

Kiini na saitoplazimu vinategemeanaje?
Kiini hutunza DNA. Nakala za maagizo yake, yaani RNA, hupita kwenye vitundu vya utando wa kiini hadi kwenye saitoplazimu (ute unaokizunguka kiini ndani ya seli), ambako protini hutengenezwa. Saitoplazimu nayo hukipa kiini nishati na malighafi. Katika seli changa za damu ubohoni, viwili hivi hukomaa pamoja: saitoplazimu inajaa hemoglobini, kiini kinasinyaa hadi kinatupwa nje. Ndiyo maana chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini.

Nini huvuruga mwendo huo?
Upungufu wa foleti (vitamini B9) au vitamini B12. Seli hukosa thaimidini, moja ya matofali manne ya DNA. RNA haiihitaji, kwa hiyo hemoglobini inaendelea kutengenezwa wakati kiini kimekwama. Inatokea seli kubwa yenye saitoplazimu pevu na kiini kichanga. Nyingi hufia humo humo ubohoni. Mgonjwa anapungukiwa damu na macho yake huweza kuwa na umanjano kidogo.

Maabara wanaitambuaje?
Kwenye picha kamili ya damu, MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu, hupita femtolita 100 (kawaida ni 80 hadi 100). Namba hiyo peke yake haitoshi, kwani pombe, ugonjwa wa ini na zidovudini (dawa ya VVU) huipandisha pia. Tena upungufu wa madini ya chuma, ambao hufanya chembe ziwe ndogo, ukiwepo, MCV inaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Hapo hadubini ndiyo husaidia: huonyesha nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zenye kiini cha vipande 6 au zaidi.

Kwa nini nisinunue tu vidonge vya foliki (foleti ya dukani)?
Kama kinachokosekana ni B12, foliki ya miligramu 5 itapandisha damu, lakini neva zitaendelea kuharibika: ganzi miguuni, kuyumba gizani. Anayetumia metformini (dawa ya kisukari) kwa miaka, au asiyekula nyama, mayai wala maziwa, apimwe B12 kwanza. Akiba yake ini huitunza kwa miaka. Ya foleti ni miezi michache tu, ndiyo maana wajawazito na wenye selimundu huishiwa upesi.

Nitajuaje dawa inafanya kazi?
Retikulosaiti (chembe nyekundu changa) hupanda kuanzia siku ya 3 au 4, na kufikia kilele karibu siku ya 7. Zisipopanda, daktari atafute upungufu wa chuma au maambukizi.

Na mboga?
Mchicha na maharage vina foleti, ila mchicha ukichemshwa sana na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya foleti imemwagwa nayo.