Seva ya Barua Pepe Ikikwama, Msifute Faili

Malalamiko ya kampuni zilizopoteza barua pepe yanazidi kutufikia, na mengi yanafanana: seva ilikwama asubuhi, wakubwa wakapiga kelele, fundi akafuta faili ili kazi iendelee.

Kwenye Microsoft Exchange, programu ya seva ya barua pepe inayotumiwa na kampuni nyingi, kila badiliko huandikwa kwanza katika faili za kumbukumbu, kila moja ya MB 1, ndipo liingie kwenye hifadhidata. Nakala rudufu kamili ikichukuliwa, faili hizo huondolewa na mfumo wenyewe. Nakala zisipochukuliwa, faili hulundikana hadi diski ijae na hifadhidata ijifunge. Hapo ndipo mtu huzifuta kwa mkono. Tumelisema na tunalirudia: hizo si takataka. Huenda zina barua ambazo bado hazijaingia kwenye hifadhidata. Ongezeni nafasi ya diski, nakilini kila kitu kama kilivyo, kisha kagueni hali ya hifadhidata kwa eseutil, zana ya Exchange ya kukagua na kutengeneza hifadhidata, mkitumia amri ya /mh. Ikiwa haikufungwa vizuri, tumieni /r, ambayo hurejesha kwa kusoma faili hizohizo. Amri ya /p iwe ya mwisho kabisa, kwani hutupa kurasa za hifadhidata zilizoharibika pamoja na barua zilizomo.

Wakati mwingine tatizo si diski bali uvamizi. Machi 2021 Microsoft ilitoa viraka, yaani marekebisho ya usalama, vya mianya ya Exchange iliyoitwa ProxyLogon, lakini baadhi ya seva zilizowekewa viraka zilibaki na programu fiche za wavamizi. Kiraka huziba mwanya. Hakimtoi aliyekwisha kuingia. Matoleo ya Exchange ya 2016 na 2019 nayo yalifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa kampuni zilizo Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinataka shambulio liripotiwe ndani ya saa 24. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, endapo data binafsi imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa mwenye data. Saa hizo 72 zinahesabiwa tangu kampuni ilipojua, si tangu uchunguzi ulipokamilika. Anayechelewa ataje sababu. Anayechakata data kwa niaba ya mwingine ana saa 48 za kumjulisha huyo mwingine, ambaye ndiye mwenye jukumu la data hiyo. Kuripoti si kukiri kosa, na sheria hizi hazihusu benki peke yake, kama wengi wanavyoshikilia.

Taarifa kwa Kamishna hueleza aina ya tukio na hatua zilizochukuliwa. Fundi akiweka mfumo upya kabla ya kunakili diski na kumbukumbu zake, kampuni haitakuwa na la kueleza.