Unyevu wa hewa: asilimia 80 ya kitu gani?

Masika yakiingia Unguja na Pemba, watabiri wa hali ya hewa hutaja unyevu wa asilimia 80 na zaidi, na hapo hapo utamsikia mtu akisema, "Yaani hewa yote hii, sehemu nane kwa kumi ni maji." Sivyo. Kauli hiyo imeenea mno na inawafikisha watu kwenye maamuzi mabaya, khasa wenye jamaa zao nchi za baridi.

Asilimia ya unyevu wa hewa ni mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na mvuke mwingi kabisa unaoweza kuwemo katika joto lile lile kabla ya kuanza kugeuka maji. Ikifika 100, kinachozidi hutoka kama umande, ukungu au matone kwenye kioo. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachotuchanganya, nadhani, ni karafuu. Sisi ni watu wa kuanika, na neno unyevu tumelizoea juani, penye majamvi. Karafuu ikisemwa ina unyevu wa asilimia 12, maana yake katika kila kilo moja, gramu 120 ni maji. Hiyo ni sehemu ya uzito, na mnunuzi ana haki ya kuiuliza kwa sababu hataki kulipia maji. Hesabu ya hewa haiendi hivyo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 huweza kuwa na mvuke wa gramu 30 hivi, basi. Kwa unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24, na hewa yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo moja. Kwa hiyo hata siku ya fukuto kali, siku ambayo kanga haikauki kambani, maji yaliyomo hewani ni kama asilimia 2 tu ya uzito wake.

Maneno yanayosahauliwa ni yale ya "joto lile lile". Joto likishuka, nafasi ya mvuke hupungua sana: nyuzi 20 ni gramu 17, nyuzi sifuri ni karibu gramu 5, na nyuzi 10 chini ya sifuri ni gramu 2 na kidogo. Sasa chukua Toronto siku ya baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, unyevu asilimia 80. Kwa tarakimu ni sawa na Mjini Unguja. Kwa maji, hewa yetu inayo mara kumi na mbili zaidi. Hewa ile ya Toronto ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 21, maji yake hayaongezeki, lakini asilimia inaporomoka hadi kama 10. Ndipo midomo inapopasuka, pua zinatoka damu na mbao za samani zinaachana.

Ndiyo sababu nyumba nyingi za huko zina kiongeza unyevu kilichofungwa kwenye tanuri la kupashia nyumba joto. Maji hutiririka juu ya pedi, hewa ya moto hupita hapo na kuchukua mvuke, kisha husambaa vyumbani. Kinataka uangalizi: pedi hubadilishwa angalau mara moja kwa msimu kwa sababu chokaa ya maji huiziba, bomba la kutolea maji lisafishwe, na majira ya joto maji yafungwe. Lakini jambo kubwa ni kipimo. Huko hukiweka kwenye 30 hadi 40, na kadiri nje kunavyozidi baridi ndivyo wanavyokiteremsha, kwa kuwa mvuke ukigusa kioo baridi hugeuka maji, na maji hayo huozesha fremu na kuotesha kuvu ukutani.

Basi mama aliyeko Michenzani anaposikia kwenye simu kwamba nyumba ya mwanawe ina asilimia 35, akamwambia, "Zidisha, mwanangu, huku kwetu ni themanini na tunapumua vizuri," anampa ushauri wa mapenzi unaoweza kumharibia nyumba.

Na huku kwetu kosa huja kwa upande wa pili. Watu wanawasha vile vyombo vidogo vya kutoa mvuke usiku kucha katika chumba ambacho tayari kina kuvu kabatini, kwenye viatu vya ngozi na kwenye majalada ya misahafu. Kuvu hustawi unyevu unapokaa juu ya asilimia 60 au 70. Sisi tunahitaji kupunguza. Kiyoyozi hufanya kazi hiyo, na yale maji yanayodondoka kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ndiyo mvuke wenyewe uliotolewa chumbani. Ila ukikiwasha na dirisha liko wazi, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa 80 itatoa maji juu ya kila kitu chenye joto la chini ya nyuzi 26, ukuta ukiwemo.

Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia ya unyevu, muulize kwa upole: kwa nyuzi joto ngapi? Na ukiitaja wewe, zitaje zote mbili pamoja.