Kubadilisha oili hakuui giaboksi ya otomatiki
Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya simu, kwamba pikapu kuukuu ya dizeli yenye giaboksi ya otomatiki isibadilishwe oili kwa sababu gia zitaanza kuteleza, si sahihi, na tafadhali tusiusambaze tena. Kinachoteleza ni klachi za ndani (sahani zinazobanana kupitisha nguvu ya injini) zilizokwisha kulika. Wengi hubadilisha oili baada ya dalili kuonekana, na giaboksi inapokufa, lawama huiangukia oili mpya. Hali ya oili hupimika: katika magari mengi yenye dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya giaboksi, injini ikiwa imepata moto na inaunguruma, chomoa dipstiki hiyo na uifute kwa kitambaa cheupe. Wekundu angavu kwa kawaida ni dalili njema, lakini weusi wenye harufu ya kuungua humaanisha klachi zikaguliwe kwanza, kwani hapo oili mpya pekee haitaziponya.