A4 haigawanywi mara tatu sawasawa

"Papa, iko tayari, bonyeza tu." Hivyo ndivyo faili za vipeperushi vya kukunja zinavyotufikia sisi wachapaji hapa Bukavu, ziwe za shule, za famasi, za ushirika wa kahawa au za wanaopeleka wageni Kahuzi-Biega kutazama sokwe. Ninafungua, ninaona safu tatu zilizolingana upana, na ninajua haiko tayari. Mwenye faili naye ana hesabu yake: A4 iliyolazwa ina milimita 297, gawanya kwa 3 upate 99, sasa shida iko wapi?

Shida ni kwamba kipeperushi kinachofungwa kama barua kina kipande kimoja kinacholala ndani ya viwili vingine. Kinacholala ndani lazima kiwe chembamba kidogo. Kikipewa 99 kama wenzake, ukingo wake unagonga mkunjo, karatasi inafura tumbo na jalada linabaki wazi. Wengine hulazimisha kwa ukucha. Mkunjo unakaa pasipo mahali pake na maneno ya jalada yanahamia mgongoni. Dawa ni ya zamani, na kila mchapaji anaijua: kipande cha ndani 97, viwili vingine 100 kila kimoja. Jumla ni 297 ileile.

Utaniambia wewe ulikunja vya 99 na vikafunga. Naam, kwenye karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ile ya fotokopi, ambayo inavumilia mengi. Ya gramu 135 au 170 haivumilii, na hiyo ndiyo unayoitaka unaposema kipeperushi kiwe "cha maana".

Hata waliosikia habari za 97 hujikwaa hatua inayofuata. Wanapanga upande wa nje, kisha wananakili vipimo vilevile upande wa ndani. Karatasi ikigeuzwa, kushoto kunakuwa kulia! Nje, kuanzia kushoto, ni 97, 100, 100: kipande cha kuingia ndani, mgongo, jalada. Ndani ni 100, 100, 97. Ukinakili bila kugeuza, mkunjo ulio sahihi upande mmoja unakosea kwa milimita tatu upande wa pili, na milimita tatu zinatosha kula herufi moja kwenye kila mstari.

Kunjo pekee ambalo 99 mara tatu ina haki ni la zigizagi, kwa sababu pale hakuna kipande kinachoingia ndani ya kingine. Basi kama hutaki hesabu, chagua zigizagi. Sitakucheka.

Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba pambizo za Word zimeshapangwa na wenye akili kuliko sisi, kwa hiyo zisiguswe. Chukua Word yetu ya Kifaransa: pambizo sentimita 2.5 kila upande, nafasi kati ya safu sentimita 1.25. Weka safu tatu kwenye A4 iliyolazwa. Kila safu inapata milimita 74. Sasa jumlisha: 25 na 74 ni 99. Safu ya kwanza inaishia juu ya mkunjo kabisa, na safu ya tatu inaanza kwenye 198, yaani juu ya mkunjo wa pili. Pembeni umeacha jangwa jeupe la sentimita mbili na nusu, lakini pale maneno yalipohitaji kupumua hukuacha hata nywele. Ndiyo maana sokwe wa watalii wetu huja na mkunjo katikati ya pua.

Safu ya Word haijui kama karatasi itakunjwa. Kanuni ni hii: nafasi kati ya safu iwe mara mbili ya pambizo la pembeni, kwa sababu mkunjo unaipasua katikati na kila kipande kinachukua nusu yake. Ukiweka pambizo milimita 10, nafasi iwe 20. Ondoa alama ya "safu sawa", kisha andika upana wa safu: 77, 80, 80 kwa upande wa nje; 80, 80, 77 kwa wa ndani. Pande hizi mbili ziwe sehemu mbili tofauti za waraka, la sivyo ukirekebisha moja unaharibu nyingine.

Na kabla ya kufungua kompyuta, kunja karatasi tupu kwa mkono, andika kwa kalamu jalada, mgongo na namba za vipande vyote sita, kisha ikunjue uitazame. Watu wazima wenye diploma hulikataa zoezi hili kwa kuwa ni la watoto. Haohao ndio huleta anwani na simu zikiwa zimefichwa ndani, halafu mgongo mtupu.

Mengine nitayapitia haraka. Printa ya ofisi haichapi mpaka ukingoni. Huacha utepe mweupe wa milimita chache. Ukitaka rangi ifike mwisho, tunachapa kwenye karatasi kubwa zaidi na kukata, kwa hiyo rangi yako ipite ukingo kwa milimita 3 kila upande, faili iwe 303 kwa 216, na maneno yakae angalau milimita 5 ndani ya pale panapokatwa.

Kielelezo kilichotumwa na wafadhili wa Marekani si A4. Karatasi yao ni 279 kwa 216, na mikunjo yake iko kwenye 93. Ukibofya "tosha kwenye ukurasa", programu inafinya kila kitu na mikunjo yote inahama. Panga upya kwenye A4, halafu chapa kwa asilimia 100. Kuchapa pande mbili, chagua kugeuza kwa ukingo mfupi, la sivyo upande wa ndani utasimama kichwa chini.

Nembo iliyopitia WhatsApp kama picha imeshabanwa. Ili kujaza kipande cha milimita 100 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli kama 1,200 za upana. Itume kama dokumenti. Na faili yenyewe ilete kwa PDF, kwa sababu Word ikifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti zako, mistari inahama yote.

Tena, karatasi nzito haikunjwi kwa mkono mtupu. Kuanzia gramu 170 hivi ipigwe kwanza mstari wa mkunjo kwa mashine, na mkunjo ufuate nyuzi za karatasi. Bila hivyo rangi nzito inapasuka na weupe unatokeza mstari mzima, hasa kwenye ile bluu iliyokolea ambayo kila mtu anaipenda.